Ubuntu imegoma kuwaka baada ya kuapdeti keneli? Usikubali kupigwa fomati, pita hapa kwanza

Fundi Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa sababu kuna kitu kinaniuma sana, watu wanapoteza kazi zao za miaka kwa tatizo dogo kabisa. Mtu ana Ubuntu yake safi, jioni mashine imemwambia kuna apdeti kakubali, asubuhi anawasha haiwaki, anaipeleka kwa fundi, fundi anaiangalia dakika mbili anasema diski imekufa hii au hii Linux imevurugika ngoja tukupigie Windows. Na mtu anakubali, atafanyaje sasa.

Juzi dada mmoja anayesoma masta kaniletea ThinkPad ya mtumba, ndani kuna rekodi zote za mahojiano ya utafiti wake na bakapu hana popote. Alikotoka walishamtajia bei ya kupiga fomati. Nikawasha, skrini ikajaa maandishi meupe, taa ya Caps Lock inawaka inazima inawaka inazima, na katikati ya yale maandishi kuna mstari huu:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Huo mstari ndio unaowafanya mafundi wengi waseme diski imekufa, maana wanasoma "unable to mount" wanaishia hapo. Angalieni hizo sifuri mbili mwishoni. Keneli (ule moyo wa Ubuntu unaoendesha vifaa vyote) inasema nimeamka lakini sioni diski yoyote, sijapewa macho. Diski yenyewe ni nzima.

Iko hivi. Ukibonyeza pawa, UEFI (programu ya mashine inayoamka kwanza) inaita GRUB (programu ya kuchagua na kuwasha mfumo), GRUB inapakia vitu viwili kwenye memori, cha kwanza ni keneli yenyewe (faili la vmlinuz) na cha pili ni initrd. Hii initrd ni kifurushi chenye draiva na vijiprogramu ambavyo keneli inavihitaji ili iifikie diski yako, kama diski imefungwa kwa paswedi ya LUKS basi hata kile kisehemu cha kukuuliza paswedi kinakaa humo humo. Keneli bila initrd yake haifiki popote, inaanguka hapo hapo.

Sasa kwa nini initrd isiwepo? Ukiinstoli Ubuntu ukachagua kufunga diski, /boot (folda ya keneli na initrd) inawekwa kwenye partisheni yake ya pembeni, na kwenye mashine zilizoinstoliwa zamani partisheni hiyo ni ndogo, ya huyu dada ilianza na 18.04 ikapandishwa mpaka 22.04 na /boot yake haifiki hata GB 1. Miaka ile ilitosha. Siku hizi initrd moja inavuka MB 100 bila shida hasa kama una Nvidia, na kila keneli mpya inakuja na ya kwake. Ilipofika zamu ya kutoka keneli 6.5 kwenda 6.8 nafasi ikaisha katikati ya kazi. Nilivyoingia ndani nikakuta hivi:

ls /boot
initrd.img-6.5.0-45-generic
vmlinuz-6.5.0-45-generic
vmlinuz-6.8.0-40-generic

(nimetoa mafaili mengine ili muone vizuri)

Mmeona? 6.5 ina vyote viwili, 6.8 ina vmlinuz peke yake. GRUB ilivyokuja kusoma folda ikakuta kuna keneli mpya ikaiweka ya kwanza kwenye menyu, basi kila ukiwasha inaitwa hiyo na kila ikiitwa inaanguka.

Na hapa ndipo penye uhai wenu wakuu: KENELI YA ZAMANI BADO IPO. Ubuntu haiifuti ile iliyokuwa inafanya kazi. Zima mashine, washa, na nembo ya kampuni ikitokea tu gusa Esc mara moja (kama ni mashine ya zamani ya BIOS shikilia Shift). Ukigusa Esc mara nyingi utatupwa kwenye grub> usiogope, andika normal, piga Enter halafu gusa Esc tena haraka. Menyu ikija chagua "Advanced options for Ubuntu", humo utakuta orodha, chagua namba ya chini inayofuata, ile isiyo na maneno recovery mode. Piga Enter.

Ya dada iliuliza paswedi ikafunguka kama hakuna kilichotokea. Alikaa kimya pale kwenye kiti, halafu akaanza kukopi mafaili kwenye eksteno kabla hata sijamwambia.

Na nyie fanyeni hivyo hivyo, ukiingia tu cha kwanza KOPI KAZI YAKO, matengenezo baadaye. Ukishamaliza fungua terminali:

uname -r
df -h /boot
dpkg -l 'linux-image*' | grep ^ii

Ya kwanza inakwambia uko kwenye keneli ipi sasa hivi (hiyo usiiguse kabisa), ya pili inakuonyesha nafasi iliyobaki, ya tatu ni keneli zote zilizoinstoliwa. Toa ya zamani kuliko zote, mfano:

sudo apt purge linux-image-6.5.0-41-generic

Apt ikigoma ikisema kuna pakeji hazijakamilika tumia sudo dpkg --purge kwa hiyo hiyo pakeji, maana yenyewe haibishani sana, ikikutajia pakeji nyingine inayoitegemea zitoe pamoja. Nafasi ikishapatikana:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-40-generic
sudo update-grub

Weka namba za kwako sio za kwangu. Kabla ya kurestati piga ls /boot tena uone kwa macho yako kwamba kila vmlinuz ina initrd ya namba ile ile.

Kama kuna mwenye dalili tofauti aweke hapa, ila aandike kilichoandikwa kwenye skrini neno kwa neno au apige picha. "Haiwaki" peke yake haitusaidii.

Nawasilisha.

Kibatari

Mkuu ubarikiwe. Mimi yangu haileti hayo maandishi, inaleta nembo ya Ubuntu kidogo halafu giza, kuna kistari kinapepesa juu kushoto basi. Ni desktopu yenye GTX 1050. Keneli ya zamani inawaka vizuri tu. Ilianza baada ya kuapdeti wiki iliyopita.

Fundi Mkongwe

Kibatari hapo keneli yako imewaka vizuri kabisa, kilichokosekana ni draiva ya Nvidia kwa keneli mpya. Hizi draiva za nje zinatengenezwa upya kwa kila keneli kwa njia ya DKMS, na ili zitengenezwe lazima headers (mafaili ya kutengenezea draiva) za keneli hiyo ziwepo. Ingia na ya zamani halafu:

dkms status

Ukiona nvidia imetajwa na namba ya keneli ya zamani tu, ya mpya haipo, basi jibu ndilo hilo. Instoli linux-headers za namba ile mpya kisha sudo dkms autoinstall -k na namba yenyewe. Kama dkms status haionyeshi nvidia kabisa maana yake unatumia zile moduli zilizosainiwa tayari na Ubuntu, hapo angalia kama pakeji ya linux-modules-nvidia ya keneli mpya imeingia.

Ukitaka kuhakikisha kwanza kabla hujagusa kitu, kwenye menyu ya GRUB simama kwenye keneli mpya bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake futa quiet splash uandike nomodeset, kisha F10. Ikiingia kwenye desktopu hata kama picha ni kubwa kubwa na mbaya basi ni Nvidia. Hayo mabadiliko ni ya mara moja tu, ukirestati yanapotea.

Jiwe la Pembeni

Kwa heshima mkuu, mnajitesa bure. Mimi niliweka apt-mark hold (amri ya kuzuia isiapdetiwe) kwenye keneli tangu nilivyoinstoli na sijawahi kuona hizo panic zenu. Mashine inafanya kazi, kwa nini uiguse? Apdeti ndio chanzo cha haya yote.

Fundi Mkongwe

Jiwe nakuelewa ila sikubaliani na wewe hata kidogo, na naomba wengine wasikufuate. Mwezi wa 3 mwaka 2022 lilitangazwa tobo la Dirty Pipe, CVE-2022-0847, mtu wa kawaida asiye na mamlaka yoyote kwenye mashine aliweza kuandika juu ya mafaili ambayo hata kuyabadilisha haruhusiwi, na kutoka hapo anakuwa ruti (mwenye mamlaka yote). Lilikuwepo tangu keneli 5.8. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuapdeti keneli. Aliyeshikilia keneli yake kwa hold yuko wazi mpaka leo na hajui. Kama ni laptopu yako ya kuangalizia mpira sawa, lakini humu kuna watu wana seva za ofisi.

Jiwe la Pembeni

Sawa lakini na nyie semeni ukweli wote. Keneli zenye kasoro zinatoka. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Debian walisimamisha toleo la 12.3 kwa sababu keneli 6.1.64 ilikuwa inaharibu data kwenye ext4 (muundo wa diski wa Linux), wakaruka moja kwa moja kwenda 12.4. Mwaka 2022 keneli 5.19.12 ilikuwa inachezesha skrini za laptopu za Intel mpaka watu wakaambiwa waache kuitumia maana inaweza kuharibu kioo. Hivyo sio vitu vya kusema ni mtumiaji hajui.

Fundi Mkongwe

Hayo yote ni kweli na sijasema mtumiaji hajui. Ila angalia zote mbili zilivyoisha. 5.19.13 ilitoka haraka sana, na Debian 12.4 ilitoka tarehe 10 mwezi huo huo. Mtu aliyesubiri siku chache akapita salama, na mtu aliyeapdeti siku ya kwanza akarudi kwenye keneli ya zamani kwa menyu ile ile ninayoisema. Kwa hiyo kusubiri wiki moja kwenye mashine ya kazi naunga mkono kabisa. Kusubiri miaka hapana.

Jiwe la Pembeni

Wiki moja tumekubaliana. Nitatoa hold leo.

Chuma Chakavu

Ndio maana mimi niko zangu Windows, hakuna stress.

Bint Makunduchi

@Chuma Chakavu tarehe 19 Julai 2024 ulikuwa wapi? Mashine milioni 8.5 za Windows zimegoma kuwaka siku moja, viwanja vya ndege vimesimama, na sababu ni faili moja la apdeti ya CrowdStrike (kampuni ya ulinzi wa kompyuta) lililosomwa na draiva yao inayokaa ndani ya keneli. Watu walikuwa wanazunguka na mashine moja moja wanaingia Safe Mode wanafuta faili kwa mkono. Chochote kinachokaa ndani ya keneli kikiharibika kinaondoka na mashine nzima, iwe Windows iwe Linux. Tuendelee na mada jamani.

Msee wa Umoja

Sasa Fundi, hapa Nairobi salaam. Mimi niko na laptop ya dual boot, Windows 11 na Ubuntu. Sikuapdeti keneli mimi, niliapdeti Windows peke yake, lakini sasa Ubuntu imekataa kabisa, inaniandikia hivi na kujizima:

Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation.
Something has gone seriously wrong: SBAT self-check failed: Security Policy Violation.

Hata menyu ya GRUB sifiki. Hiyo old kernel nitaifikia aje? Nimekaa na hii machine kwa drawer kitambo kwa sababu jamaa wa kurepair aliniambia ni ya kuwipe.

Fundi Mkongwe

Karibu sana ndugu yangu. Yako haihusiani na keneli, inafanana tu kwa sura. Mwezi wa 8 mwaka 2024 Microsoft walitoa apdeti ya Windows iliyoweka orodha mpya ndani ya UEFI ya kukataa shim (kijiprogramu kinachoiita GRUB) na GRUB za zamani zenye tobo (lile la CVE-2022-2601). Ilitakiwa isiguse mashine zenye Linux pembeni lakini ikazigusa nyingi. Hakuna kilichofutwa, Ubuntu yako iko pale pale.

Kabla ya yote ingia Windows uhakikishe una ile recovery key ya BitLocker (kufuli la diski la Windows), iandike kwenye karatasi, maana ukigusa Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha) Windows inaweza kuidai. Halafu ingia BIOS zima Secure Boot, washa Ubuntu, fungua terminali:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Restati uingie Ubuntu tena mara moja ili ifanye kazi, kisha apdeti Ubuntu yote ili shim na GRUB ziwe mpya, ndio urudi BIOS uwashe Secure Boot. Usiiache imezimwa.

Msee wa Umoja

Imekubali!! Secure Boot iko on na zote mbili zinaingia. Bitlocker ilinidai key kweli, hiyo karatasi imeniokoa. Shukran sana boss.

Mwl Kitulo

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi ni mwalimu, laptopu ina mitihani na matokeo ya wanafunzi wangu. Nimefuata maelezo, menyu imekuja, lakini kwenye Advanced options kuna keneli moja tu na ndiyo hiyo hiyo inayoanguka kwa unknown-block(0,0). Nadhani kuna mtu aliwahi kunisafishia mashine akafuta nyingine. Diski ina paswedi. Ni Ubuntu 22.04. Kuna tumaini?

Fundi Mkongwe

Mwalimu tumaini lipo kubwa. Unahitaji flashi ya kuwashia tu. Una kompyuta nyingine na intaneti? ISO ya Ubuntu 24.04 ya desktopu inakaribia GB 6, kama bando ni la shida tafuta mtu mwenye flashi ya Ubuntu yoyote ile, hata ya 20.04 inafaa, haina haja ifanane na yako.

Mwl Kitulo

Flashi ninayo, ile niliyoinstolia 22.04. Nimewasha nayo, nimechagua Try Ubuntu.

Bint Makunduchi

Fundi akiwa hajarudi niendelee mimi, hizi ndio kazi zangu za kila siku. Mwalimu andika lsblk -f uangalie partisheni ipi imeandikwa crypto_LUKS.

Mwl Kitulo

nvme0n1p3. Halafu p2 ni ext4 na p1 ni vfat.

Bint Makunduchi

Safi, p3 ndiyo diski yako, p2 ni /boot, p1 ni EFI. Tunachofanya ni kuifungua diski yako, kuiunganisha ndani ya Ubuntu ya flashi, halafu tunaingia ndani yake kwa chroot kana kwamba imewaka yenyewe. Piga mstari mmoja mmoja usirushe wote kwa pamoja:

sudo cryptsetup open /dev/nvme0n1p3 nvme0n1p3_crypt
sudo vgchange -ay
sudo mount /dev/mapper/vgubuntu-root /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt/boot
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for i in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$i /mnt/$i; done

Hapo kabla ya kuendelea chomeka eksteno ukopi mitihani yako, iko ndani ya /mnt/home. Ukimaliza:

sudo chroot /mnt
df -h /boot

Mwl Kitulo

Mafaili yote nimeyaona na nimeyakopi. Mungu awabariki. df inasema /boot imejaa 100%. Ndani kuna initrd mbili za keneli ambazo hata kwenye dpkg hazipo tena, na initrd ya keneli yangu haipo.

Bint Makunduchi

Hizo mbili ni mabaki. Kwa kawaida ukiniuliza nitakwambia usifute kitu /boot kwa rm, futa kwa apt, kwa sababu ukifuta kwa mkono dpkg inaendelea kuamini faili lipo na siku inayofuata mambo yanavurugika zaidi. Lakini hizi hazina mwenyewe kwenye dpkg, kwa hiyo zifute kwa rm kwa jina kamili, usitumie nyota. Kisha update-initramfs -c -k na namba ya keneli yako. Nibandikie hapa kila inachoandika.

Mwl Kitulo

Imeandika:

cryptsetup: WARNING: target 'cryptroot' not found in /etc/crypttab

Lakini imemaliza na initrd ipo. Nirestati?

Bint Makunduchi

USIRESTATI. Hiyo cryptroot imetoka wapi, mimi nilikuandikia nvme0n1p3_crypt.

Mwl Kitulo

Mara ya kwanza nilifuata maelezo ya mtandao mwingine kabla hujajibu, diski ilikuwa imeshafunguka kwa jina hilo nikaona niendelee tu.

Fundi Mkongwe

Nimerudi, Bint umefanya kazi nzuri sana. Wengine someni hapa kwa makini maana hiki ndicho kinachowaangusha watu wengi kwenye chroot yenye LUKS. Jina unalofungulia diski lazima liwe lile lile lililoandikwa mwanzo wa mstari ndani ya /etc/crypttab. update-initramfs inaangalia diski imefunguliwa kwa jina gani, inalitafuta crypttab, isipolikuta inatoa onyo moja tu halafu inatengeneza initrd isiyo na kisehemu cha kuuliza paswedi. Ungerestati isingekuuliza paswedi kabisa, ingesubiri subiri halafu ikutupe kwenye (initramfs) na hapo ndipo watu wanasema sasa diski imekufa kweli.

Mwalimu toka kwenye chroot, restati uingie tena kwenye FLASHI, rudia mistari ya Bint kama ilivyo. Ukiwa ndani cat /etc/crypttab ulinganishe jina. Ukishatengeneza initrd ihakiki:

lsinitramfs /boot/initrd.img-NAMBA | grep sbin/cryptsetup

Ikirudisha mstari iko salama. Isiporudisha kitu usirestati.

Mwl Kitulo

Mara hii onyo halijatokea. Ile amri ya kuhakiki imerudisha usr/sbin/cryptsetup. Nimepiga update-grub, nimetoka, narestati.

Mwl Kitulo

IMEULIZA PASWEDI. IMEWAKA. Niko ndani naandikia humo humo. Sina la kuwalipa jamani.

Bint Makunduchi

Hongera mwalimu. Lipo moja la kulipa, usiiache na keneli moja. Instoli linux-image-generic, 5.15 iwepo kama akiba pembeni ya hiyo ya HWE (keneli mpya zaidi unayotumia sasa). Na kwa kuwa /boot yako ni ndogo fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, pale penye MODULES=most weka MODULES=dep, initrd itabeba draiva za mashine yako tu na itapungua sana. Ubaya wake ukihamishia diski kwenye mashine nyingine inaweza isiwake, kwa hiyo ukumbuke uliiweka.

Njiwa Manga

Sisi wa Arch (Linux ya aina nyingine) je? Nimeapdeti, sasa haitambui hata flashi wala Wi-Fi, na ikifika kuunganisha EFI inasema unknown filesystem type vfat.

Fundi Mkongwe

Njiwa uliapdeti huku /boot ikiwa haijaunganishwa. Keneli mpya imeandikwa kwenye folda tupu, mashine inawaka na ile ya zamani iliyobaki kwenye partisheni, lakini moduli zake Arch imeshazifuta, maana yenyewe haibakizi ya zamani kama Ubuntu. Washa na flashi, unganisha partisheni ya ruti NA /boot, arch-chroot, instoli pakeji ya linux upya, mkinitcpio (kinachotengeneza initrd ya Arch) itajiendesha yenyewe. Halafu instoli na linux-lts iwe akiba.

Mlinzi wa Seva

Wakuu na sisi wenye seva mbali tufanyeje? Ninayo moja Mpanda mimi niko Dar, hakuna wa kubonyeza Esc kule. Kila keneli ikitoka naogopa kurestati, kwa hiyo nakaa tu bila kurestati na najua sio sawa.

Bint Makunduchi

Mlinzi kuna njia nzuri sana na watu hawaitumii. Unaifanya keneli ya zamani ndiyo ya kudumu, mpya unaijaribu mara moja tu. Kwenye /etc/default/grub:

GRUB_DEFAULT=saved
GRUB_CMDLINE_LINUX="panic=10"

(kama GRUB_CMDLINE_LINUX ina maneno mengine ongeza panic=10 pembeni usiyafute), update-grub, halafu grub-set-default kwa jina la keneli inayofanya kazi sasa, na mwisho:

sudo grub-reboot "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 6.8.0-40-generic"

Restati. Ikiwaka vizuri unaifanya ya kudumu. Ikipata panic inasubiri sekunde 10 inajirestati, na safari hiyo GRUB inarudi kwenye ile ya zamani yenyewe. Hata ikikwama kwenye initramfs kwa kukosa diski, hiyo panic=10 inaifanya irestati badala ya kukaa pale inasubiri mtu. Ila ikiganda tu bila panic haitakusaidia, hapo utahitaji mtu wa kuzima umeme. Na hakikisha /boot iko kwenye partisheni ya kawaida ya ext4, kwenye LVM (ugawaji wa diski kwa programu) GRUB haiwezi kufuta lile agizo la mara moja, itarudia keneli ile ile mbovu.

Mlinzi wa Seva

Nimejaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni hapa ofisini, nikahamisha initrd ya keneli mpya makusudi ili ianguke. Imeanguka, ikahesabu, ikarudi yenyewe kwenye ya zamani. SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali) imefunguka bila mimi kugusa kitu. Ya Mpanda naifanya usiku watu wakishatoka kazini.

Kibatari

Na mimi nirudishe majibu, ilikuwa headers kweli. dkms autoinstall imemaliza kila kitu. Swali la mwisho, hiyo menyu ya GRUB naweza kuifanya itokee kila siku bila kugombana na Esc?

Fundi Mkongwe

Ndiyo, na nashauri kila mtu aifanye leo wakati mashine inawaka. Kwenye /etc/default/grub badilisha ziwe hivi:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5

kisha sudo update-grub.

Mlinzi wa Seva

Mpanda imepanda 6.8 salama, uname -r imethibitisha. Nimeiweka ya kudumu.